Barua ya wazi kwa wanaosimamia pesa za wazee na nyumba za watu wa chini: tafadhali shukeni na fomu zenu hadi Nyalenda

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii, kwa Mheshimiwa Gavana wetu wa Kisumu, kwa wakubwa wa idara ya nyumba, kwa machifu na manaibu wao, na kwa yeyote yule mwenye mhuri wa kuamua nani asaidiwe na nani aambiwe arudi kesho.

Waheshimiwa, salamu.

Mimi naendesha saiba ndogo hapa Nyalenda, mtaa wa watu wa chini mjini Kisumu, kibanda cha mabati chenye kompyuta mbili, printa moja na benchi la mbao ambalo asubuhi linajaa hata kabla sijamaliza kufagia. Miaka saba sasa kazi yangu ni kujazia watu fomu. Anayekuja kwangu mara nyingi hawezi kusoma kile serikali imemwandikia, au anaweza kusoma lakini simu yake ni ile ya tochi tu, ama simu iko poa lakini laini imesajiliwa kwa jina la mtoto wake aliye Nairobi, kwa hivyo ile namba ya siri ya kuthibitisha inaenda Nairobi, na sisi hapa tunaanza kumpigia huyo mtoto akiwa kazini, hashiki, dakika zinaisha, tunaanza upya. Kila kitu mnatangaza kwa redio kinaishia kwa hii meza yangu. Na mimi ndio nabaki kumwambia mtu mzima, mtu wa umri wa kunizaa, kwamba imekataa.

Wacha nianze na mama mmoja mzee. Jina lake nitaliacha, sisi hapa wote tunamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Anauza omena, wale samaki wadogo wa ziwa, anatoa Dunga, ufuoni, anakuja kutandaza kwa gunia kando ya barabara, anapima na kikombe. Mumewe alishakufa, watoto wawili alizika mwenyewe, na analea wajukuu watatu kwa chumba kimoja cha udongo anacholipia 1,500 kwa mwezi. Alisikia kwamba mtu akifika miaka 70 kuna pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, 2,000 kila mwezi, na hiyo ni kweli, tangu 2018 mpango huo ulipanuliwa ili mzee yeyote wa 70 kwenda juu ambaye hana pensheni aweze kupata. Akaja kwangu na kitambulisho chake kimefungwa ndani ya leso. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1959.

Nikamwambia Dani, hii inasema hujafika. Akaniangalia tu. Siku ya pili akarudi na karatasi nyingine, kadi ya ubatizo kutoka misheni, imekunjwa mara nyingi hadi pale kwa mikunjo imekuwa na matundu, na wino wa padri bado unaonekana vizuri: amebatizwa 1951. Waheshimiwa, nimeishika hiyo kadi kwa mikono yangu. Kwa kadi amebatizwa 1951, kwa kitambulisho amezaliwa 1959. Hakuna mtu hubatizwa miaka minane kabla azaliwe. Anakumbuka siku ya kuchukua kitambulisho, karani alimuuliza umezaliwa lini, akasema hajui mwaka ila anajua ilikuwa kabla ya njaa fulani, karani akamwangalia uso akakisia, akaandika, akaita mwingine. Sasa hicho kisio cha sekunde tano ndicho kinasema Dani angoje hadi 2029.

Tukasema sawa, tubadilishe tarehe. Hapo ndio mateso yalianza na hapo ndio naomba msome polepole. Kwenye ofisi ya kwanza aliambiwa alete barua ya chifu. Chifu hakuwepo, alikuwa mkutanoni, akarudi kesho yake, akapata barua. Kwenye ofisi akaambiwa kadi ya ubatizo peke yake haitoshi, alete hati ya kiapo ya wakili. Wakili akataka 500. Akauza omena wiki nzima kwa ajili ya ile 500, akaleta. Akaambiwa picha hizi zina bakgraundi ya rangi mbaya, piga zingine. Akapiga. Akaambiwa fotokopi ya kitambulisho haionekani vizuri. Hiyo fotokopi nilitoa mimi, na kitambulisho chenyewe kimefutika kwa sababu kimekaa miaka mingi kwenye leso ya mtu anayeuza samaki, mimi nitafanya nini? Akarudi mara ya sita ndio akaambiwa mtandao uko chini. Siku hiyo alitoka huko akatembea kwa miguu hadi hapa, akaketi kwa benchi langu, hakuomba fomu wala nini, aliketi tu akasema, "Nyathina," yaani mtoto wangu, "mimi nimechoka."

Niko na daftari ambalo naandika madeni ya wateja, na kwa ukurasa wa Dani niliandika kila kitu. Safari sita, bodaboda 50 kwenda 50 kurudi, hiyo ni 600. Wakili 500. Picha 200. Fotokopi kurasa 12, shilingi kumi kumi, 120. Jumla 1,420. Na sijahesabu siku sita ambazo hakutandaza omena, na kwa mtu wa omena siku moja bila kuuza ni watoto kulala na uji mwepesi. Ametumia zaidi ya nusu ya pesa ya mwezi mmoja wa msaada kutafuta msaada ambao hajapata. Hii ndio maneno yangu yote kwenu kwa hii barua, mengine ni ya kuongezea tu: msaada wenu unataka mtu awe na pesa kwanza. Awe na nauli, awe na simu nzuri, awe na siku za kupoteza. Yule ambaye hana hivyo vitu, ambaye ndiye mlisema mnamtafuta, anaanguka njiani kabla awafikie, na nyinyi kwa kompyuta zenu mnaona tu kwamba hakuomba.

Na wale wamepata nao wana yao. Kuna mzee wa ploti ya nyuma yetu, kazi yake miaka yote ilikuwa kuponda kokoto, yaani unapata lori la mawe unakaa chini na nyundo unayafanya kuwa kokoto ya ujenzi. Alisajiliwa zamani. Akienda kuchukua pesa kwenye benki moja, mashine inamwambia weka kidole, anaweka, haisomi. Anapangusa na shati, haisomi. Kidole cha pili, cha tatu, mkono mwingine. Vidole vyake vimelainika kama kijiko, hakuna mistari, nyundo na mawe zilimaliza. Kazi ile ile iliyomfanya awe maskini ndio imemfuta kwa mashine. Aliambiwa arudi na mtu wa kumsimamia mwenye barua, akarudi, mara hii akaambiwa barua ni ya mwaka jana. Pesa zake za miezi minne zilikaa huko zikimngoja na yeye analala kwa deni la nyumba.

Sitaki mtu aseme kwamba hii 2,000 haina maana, nimesikia watu wa magari wakisema hivyo, kwamba elfu mbili ni nini. Nikubaliane kwamba ni kidogo, imekaa hapo hapo kwa 2,000 zaidi ya miaka kumi na unga haujakaa hapo hapo. Lakini huyo mzee siku alipata zile za miezi minne kwa pamoja alilipa rent, akanunua godoro, na akamlipia mjukuu pesa ya mtihani, na nikamwona akitembea tofauti. Tena alikuja kunilipa deni la fotokopi ambalo mimi nilishasahau. Kwa hivyo pesa inafanya kazi. Ndio maana inaniuma.

Kuna mama mwingine hapa karibu na mto Auji, kijana wake ana miaka 14 na hawezi kutembea wala kuongea, anambeba kwa mgongo. Kuna pesa kama hizo za watu wenye ulemavu mkali, wale wanaohitaji mtu wa kuwaangalia usiku na mchana, na huyu kijana ni hivyo kabisa, hata mtu asiye daktari anaona. Lakini lazima apimwe hospitalini na madaktari waandike, na wale wanaopima wanakaa siku maalum. Akambeba, akapanda boda watatu na dereva, akafika, siku hiyo daktari mmoja hakuja na wakiwa pungufu hawapimi. Wiki iliyofuata hakuwa na nauli. Iliyofuata hivyo hivyo. Sasa anasema atampeleka akikua kidogo zaidi, na mimi sielewi, akikua si atakuwa mzito zaidi?

Nije kwa nyumba.

Hapa Nyalenda, kwa wale hamjui, ardhi kubwa ni ya wenyeji, familia ziko na hati zao, wakajenga vyumba vya kukodisha kwa mistari. Wenye nyumba wengine ni matajiri lakini wengi ni wajane na wazee ambao hiyo rent ndio chakula chao, kwa hivyo usifikirie ni watu wabaya. Lakini ukikaa miezi miwili bila kulipa, mlango unang'olewa. Si kufuli, mlango wenyewe, kwa sababu kufuli mtu anaweza kuvunja. Nimeona mama amelala na watoto kwa nyumba isiyo na mlango, ameweka meza pale ilikuwa mlango na yeye mwenyewe akalala nyuma ya meza. Usiku wa mvua. Na hakuna ofisi hata moja katika hii kaunti ambayo mimi kama mtu wa saiba naweza kumwambia huyo mama, enda pale, kuna msaada wa rent ya mwezi mmoja ujipange. Nimetafuta. Kama iko, niandikieni niibandike kwa mlango wa kibanda changu leo.

Ile iko ni nyumba za bei nafuu. Binamu yangu ni mlinzi wa usiku wa kampuni fulani mjini, analipwa 15,000, na tangu hiyo tozo ya nyumba ianze anakatwa asilimia 1.5, yaani 225 kila mwezi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Hajakataa kulipa. Anasema kama itajengea watu nyumba basi sawa. Lakini yeye mwenyewe analala kwa chumba ambacho maji yanaingia kila mvua kubwa, ameinua kitanda kwa matofali manne manne, unaingia kwake unaona alama ya maji kwa ukuta, moja ya 2020 ziwa lilipojaa, nyingine juu yake ya 2024. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inasema wazi kwamba mtu wa mapato chini ya 20,000 ndiye wa zile nyumba za kijamii. Huyo ni yeye, kabisa. Nikamfungulia akaunti, tukajaza kila kitu, halafu tukafika kwa maneno ya amana, ile pesa ya kutoa kwanza kabla upewe nyumba. Sheria ilipopitishwa iliandika asilimia 10. Hata nyumba ikiwa ni ya laki sita hiyo ni 60,000, mshahara wa miezi minne bila kula, bila rent, bila kutuma nyumbani. Tukafunga ukurasa. Anaendelea kukatwa 225.

Na huyo angalau ana payslipu. Dani hana payslipu. Mama wa kijana wa mgongoni hana. Mtu wa tuktuk, fundi wa viatu, wale wamama wa kukaanga samaki Dunga, hakuna mwenye karatasi ya kuonyesha anapata ngapi kwa mwezi, kwa sababu leo ni 300, kesho ni 80, keshokutwa mvua. Kwa nini nyumba ya mtu wa chini lazima iwe ya kununua? Hapa Kisumu zamani zilijengwa estate za serikali ya mji, kina Lumumba, Anderson, Makasembo, mtu anaingia kama mpangaji, analipa kidogo kidogo, analea watoto wake hapo hadi wanaoa. Wazazi wa watu wengi mnaowajua, pengine hata nyinyi wenyewe, walianzia maisha ya mji kwa nyumba kama hizo. Jengeni zingine za kupangisha. Mtu wa 80 kwa siku anaweza kupanga, hawezi kununua.

Hapa naongea pia kama mwathiriwa. Kwetu ni Kano, upande wa Nyando, na mvua za 2024 zililaza nyumba ya mama yangu. Kulaza namaanisha ukuta wa udongo ulilowa ukakaa chini wote pamoja, bati likabaki juu ya matope. Walienda kukaa kwa shule. Majina yaliandikwa, tena si mara moja, watu watatu tofauti walikuja na madaftari matatu tofauti kwa wiki tofauti, kila mmoja anauliza maswali yale yale, umepoteza nini, mko wangapi, kitambulisho namba gani, na kitambulisho chenyewe kilienda na maji. Alipata blanketi moja na mahindi, anashukuru na mimi nashukuru. Halafu shule zikafunguliwa, wakaambiwa watoke, na hapo ndio hadithi ya serikali iliisha. Mama yangu saa hii anaishi na mimi kwa chumba kimoja, nimefunga leso katikati. Mtu ana miaka 66, alizoea boma lake na kuku wake, sasa anaomba ruhusa mtoto wake wa kiume ageuke ndio abadilishe nguo. Sijui yale madaftari matatu yako wapi. Mto Nyando unafurika karibu kila msimu wa mvua ndefu, si jambo la kushtukiza, kwa hivyo majina ya wanaofurikiwa yangekuwa tayari yanajulikana kabla hata mawingu hayajakusanyika.

Sasa naomba nini. Naomba mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi, mengine hayahitaji hata moja.

Siku moja kwa mwezi, moja tu, mje wote pamoja hapa Nyalenda, na siku nyingine Obunga, na Manyatta, na Bandani, na kule Kano. Mje na mtu wa vitambulisho, mtu wa ustawi wa jamii, daktari wa kupima ulemavu, chifu na mhuri wake, na hata wakili wa kiapo mmoja mlipie nyinyi. Mkae chini ya hema uwanja wa kanisa. Zile safari sita za Dani zinakuwa hatua 200. Mimi nitaleta printa yangu bure na benchi nitaleta. Watu wa kura mnawaletea masanduku hadi shule ya karibu, na mnapotaka kuhesabu watu mnakuja hadi mlangoni na tableti, mlifanya hivyo kwa sensa ya 2019, mliingia hadi kwa hiki chumba changu mkauliza choo kikoje na paa ni ya nini. Kwa hivyo njia mnaijua.

Kwa wazee, kubalini kadi ya ubatizo pamoja na maneno ya wazee wawili wa kijiji mbele ya chifu, bila kiapo cha kulipia. Nani atadanganya mbele ya kijiji chote kwamba ana miaka 75? Watu wa hapa wanajuana rika kwa rika, wanajua nani alizaliwa mwaka gani wa mafuriko gani.

Kwa vidole ambavyo havisomi, ruhusuni uso na kitambulisho na shahidi, siku hiyo hiyo, bila kumrudisha mzee nyumbani mikono mitupu.

Dirisha la kusajili likae wazi mwaka mzima. Saa hii mtu anafika 70 halafu anangoja hadi siku serikali itangaze usajili mpya, na hiyo siku inaweza kuchukua miaka, na mzee hana miaka ya kungoja, wengine nimewajazia fomu na kabla dirisha lifunguliwe nimechangia mazishi yao.

Na mkimkataa mtu, mpeni karatasi. Nimesema karatasi, si maneno ya dirishani. Katiba kifungu cha 47 kinasema mtu akiathiriwa na uamuzi wa ofisi ya serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Tangu nianze hii kazi sijawahi kuona mteja wangu hata mmoja ameshika karatasi inayosema umekataliwa kwa sababu hii, na ukitaka kukata rufaa enda pale. Wote wanaambiwa "rudi baadaye". Rudi baadaye huwezi kukatia rufaa. Na kifungu cha 43 mnakijua kuliko mimi, kinataja nyumba, kinataja chakula, kinasema serikali itamsaidia yule asiyeweza kujisaidia. Naomba tu kile kimeandikwa.

Mwisho niwape haki yao wale wanafanya kazi. Kuna naibu wa chifu mmoja huku kwetu anatembea kwa miguu ploti kwa ploti, anaandika wazee kwa kitabu chake mwenyewe, na kuna dada mmoja wa ofisi ya jamii ambaye alimpa Dani nauli kutoka kwa mkoba wake. Hao watu wanajua kila kitu nimeandika hapa. Waulizeni, waiteni kwa mikutano yenu, wao ndio wanaona macho ya watu.

Karatasi za Dani nimeziweka kwa droo ya chini ndani ya bahasha ya kaki: barua ya chifu, kiapo, picha nne, fotokopi mpya ambayo nimeongeza wino hadi ikaonekana. Kadi ya ubatizo alikataa kuiacha, anaibeba mwenyewe. Amesema atajaribu mara ya saba Alhamisi, akishapata nauli. Kama kuna yeyote kati yenu atasoma hii kabla ya Alhamisi, kibanda changu kiko njia ya kushuka Dunga, cha mabati ya bluu, nafungua saa moja asubuhi.

Ni mimi,
kijana wa saiba, Nyalenda, Kisumu